Vikombe Viwili vya Mbolea

Nyie vijana mnaosoma haya, nawaomba jambo moja kabla hatujafika mbali: msiniamini haraka. Mimi ni mama mtu mzima, nimestaafu, magoti yananiuma, na mtu mzima akisimulia kazi yake ana tabia ya kujipaka mafuta. Nitajitahidi nisijipake. Mkiona nimeanza kung'aa, nishukuni. Mimi nimeishi kwa kushuku na bado nipo.

Nilikuwa fundi sanifu wa maabara kwenye karakana ndogo ya serikali pale Same. Mkisikia maabara msifikirie vioo na makoti meupe. Kilikuwa chumba kimoja chenye bati lililopiga kelele kila upepo ukivuma, na Same upepo hauombi ruhusa. Vumbi liliingia hata kwenye chupa zenye kizibo. Kazi ya karakana ilikuwa kuwasaidia wenye pampu, wenye mashine za kusaga na wachoma matofali. Kazi yangu mimi ilikuwa kupima. Nilianza na maji, nikaja kwenye mafuta, na mwisho nikaangukia kwenye moshi.

Aliyenifundisha aliitwa Mzee Kiondo, Mungu amrehemu. Alikuwa mwembamba, mkali, na hakuwahi kuniambia "vizuri" hata siku moja. Wiki ya kwanza alinipa chupa nne za maji ya kisima nipime chumvi. Nikapima, nikaandika: chumvi ipo, tena nyingi. Akaniuliza chupa niliziosha na nini. Nikasema maji ya bomba. Akacheka kwa pua.

"Maji ya bomba la Same! Binti, hapo umepima kisima au umepima uvivu wako?"

Nililia chooni. Tangu siku hiyo nikawa nateka maji ya mvua, nayatunza kwenye dumu, nasuuzia chupa zangu mwenyewe. Wakati ule wa shida sabuni ilikuwa haionekani, tukasugua chupa kwa majivu na ndimu. Nyie mna sabuni za kila rangi na bado nakuta vikombe vina utando. Haya, tuyaache.

Jambo la pili alilonifundisha ndilo lililokuja kunitoa jasho. Mkishika hili moja tu, mengine mnaweza kuyasahau. Alisema, ukipima ukaona hakuna kitu, usifurahi. Chukua chupa ile ile, tia tone la kitu ambacho lazima kionekane. Kikionekana, basi kweli hapakuwa na kitu. Kisipoonekana, kipimo chako kimekufa na wewe ulikuwa unamuuliza maiti maswali. Mzee Kiondo aliita hivyo "kumwamsha shahidi." Nilifanya hivyo miaka yote, isipokuwa miezi miwili. Nitawaeleza.

Zilipokuja enzi za ruksa, mambo yalibadilika mno. Watu waliokuwa wakipanga foleni ya sukari wakaanza kuagiza injini. Milima ya Upare ikajaa mlio wa mashine za kusaga. Mmoja wa walionunua alikuwa Mama Joyce wa Mamba, kule milima ya kusini wanakolima tangawizi. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Aliuza ng'ombe wake wote akanunua injini ya dizeli na kinu, akaviweka bondeni kwa sababu ndipo barabara ilipoishia. Kabla ya hapo akina mama wa pale walikuwa wanashuka na mahindi kichwani mpaka chini tambarare, halafu wanapanda tena na unga. Kwa hiyo mashine ile haikuwa ya Mama Joyce peke yake. Migongo ya wanawake wa kijiji kizima ilikuwa inaitegemea.

Shida ni kwamba madarasa ya kwanza na ya pili yalikuwa hatua chache juu ya banda la mashine. Mamba ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, na moshi ukiingia chini ya ukungu hauna pa kwenda. Watoto wakaanza kukohoa, macho mekundu. Mtoto wa Mama Joyce mwenyewe alikuwa la pili pale. Wazazi wakalalamika, kijiji kikaitisha mkutano, na mwenyekiti akatoa neno: moshi utengenezwe kabla ya mavuno, au mashine ifungwe.

Mimi nilimshuku mwenyekiti tangu nilipomwona, baadaye tulipopanda kuiona injini. Alikuwa anaizunguka ile injini, anaigonga gonga, anauliza ilitoka wapi. Nikasema moyoni, huyu ana ndugu yake anaitaka. Anataka ifungwe ili inunuliwe kwa bei ya kutupa.

Mama Joyce akashuka Same, akaja karakana. Pale alimkuta Injinia Elibariki, kijana wetu aliyekuwa anapanda vyeo, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Viatu vyake viling'aa mpaka nikamshuku navyo, maana Same huwezi kuwa na viatu vya kung'aa kama unafanya kazi. Akamsikiliza, akasema, "Mama, moshi huo tunaweza kuutengeneza. Tutakufungia sega."

Nawaona mmeshtuka. Eh, sega! Nyie mnalijua sega kwa sababu ya wezi wanaokata bomba za magari ya watu. Sisi tulitaka kulitengeneza, kwa udongo, palepale Upare.

Nieleze kidogo, maana nisipoeleza mtaniona nawapiga porojo. Moshi mweusi mnaouona ni masizi, na masizi angalau yanajitangaza. Mimi nawashuku zaidi wasioonekana. Hewa tunayovuta sehemu yake kubwa ni naitrojeni, gesi mpole isiyo na ugomvi na mtu. Oksijeni inakaa nayo pamoja, kila mmoja na lake. Lakini ndani ya injini ya dizeli joto ni kali mno, na kwenye joto lile hawa wawili wanashikana. Kinachozaliwa ni gesi chungu, inawasha macho na kukaba kifua. Unaweza kusafisha masizi yote, bomba likatoa hewa nyeupe pe, na gesi ile bado ipo inamsubiri mtoto.

Kuwaachanisha unahitaji kichocheo. Kichocheo ni kama mshenga: anakutanisha watu, mambo yanaisha, yeye anarudi kwake vilevile alivyokuja. Injinia alitaka kutumia chuma chenye kutu. Unapaka ile kutu ndani ya kigae chenye matundu mengi, ndilo sega, unakifunga kwenye bomba la moshi karibu na injini ambako ni moto sana. Halafu unadondoshea maji ya mbolea ya urea. Urea ikipata joto inatoa amonia, ile harufu ya zizi la mbuzi. Amonia na ile gesi chungu wakikutana juu ya kutu, wanavunjana, inabaki naitrojeni mpole na mvuke. Ukinyima amonia, gesi chungu inapita. Ukizidisha, amonia yenyewe inatoka nje nayo inawaumiza watu. Kipimo ndicho kila kitu.

Sega lenyewe walitufinyangia akina mama wafinyanzi wa mlimani. Kwao mwanamume hasogelei udongo unapofinyangwa, na Injinia na viatu vyake alifukuzwa mchana kweupe. "We kaka, kaa huko huko na daftari lako!" Nikaingia mimi. Tulitoboa matundu kwa spoku za baiskeli, mamia kwa mamia, vidole vikafa ganzi. La kwanza lilipasuka. La pili likaziba masizi siku ya tatu, injini ikakoroma ikazima. La tatu bibi mmoja akatuambia tuchanganye nyuzi za mkonge zilizokatwakatwa kwenye udongo. Zikaungua ndani ya moto, zikaacha vitundu vidogo ambavyo kutu ilishika vizuri. Injinia aliandika kurasa mbili juu ya nyuzi zile. Nilipekua, jina la bibi sikuliona, nikamwambia aliandike.

Chuma tulikitafuta Ugweno, kwenye vijito vya Shighatini ambako zamani watu walikuwa wanayeyusha mchanga mweusi. Mzee mmoja akatuletea gunia zima Same. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Halafu palepale nikatoa sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, nikaipitisha kwenye mchanga wake. Juu ulikuwa chuma kitupu. Nikaingiza mkono mpaka chini ya gunia, sumaku ikatoka tupu. Mchanga wa kujengea! Mzee akaniangalia, mimi nikamwangalia.

"Huo wa chini," akasema bila aibu, "ni wa kuushikilia wa juu usimwagike."

Tulicheka mpaka akapewa chai. Lakini mmeona? Nilikuwa namshuku kila mtu. Mzee wa mchanga, mwenyekiti, viatu vya Injinia. Hata Mama Joyce nilimshuku, maana mwenye mashine anaweza kukuendeshea injini polepole bila mahindi siku ya kipimo, na injini isiyo na mzigo haina gesi nyingi. Nilikuwa natia mahindi kinuni kwa mkono wangu. Nyani haoni kundule, wanangu. Mtu mmoja tu sikumshuku.

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Unavuta moshi kwenye chupa, unaiacha nusu saa ile gesi ikomae, unatia dawa yenye asidi, unatikisa. Gesi ikiwepo, dawa inageuka waridi. Ikiwa nyingi, waridi linakolea kama juisi ya rozela, ile tunayoiita damu ya mzee. Pale karakana tulikuwa na injini ndogo ya majaribio, na kwa miezi miwili nilipima sega la tatu. Siku ya kwanza waridi hafifu. Siku ya pili hakuna. Ya tatu hakuna. Injinia akaruka juu kama mtoto aliyepewa nguo ya Krismasi. Akaandika ripoti, akaipeleka wizarani, na jina langu chini yake kama mpimaji.

Na kumwamsha shahidi, je? Sikumwamsha. Dawa ilikuwa haba, chupa moja tuliyokuwa tumeisubiri tangu masika, na kila ukiamsha shahidi unatumia dawa mara mbili. Nikajiambia, nitabana. Nilijisikia mwerevu, mtunzaji wa mali ya serikali. Mzee Kiondo alishastaafu, hakuwepo wa kunicheka kwa pua.

Tukapanda Mamba na sega letu kwenye lori, tukipitia Kisiwani. Tukalifunga. Kwa kudondosha urea tulitumia mpira wa dripu tulioomba zahanati. Nikamfundisha Mama Joyce kuchanganya: ndoo moja ya maji, vikombe viwili vya urea. Akarudia, "Ndoo moja, vikombe viwili." Nikamwambia hivyo hivyo.

Siku ya kipimo kijiji kizima kilikuja. Mwenyekiti na fimbo yake, mwalimu mkuu, akina mama na makarai ya mahindi. Injini ikanguruma, mimi nikatia mahindi, nikavuta moshi, tukasubiri nusu saa watu wakinong'ona. Nikatia dawa. Nikatikisa. Maji meupe, kama yametoka mbinguni.

Mama Joyce akapiga vigelegele bonde likaitika. Injinia akamshika mwenyekiti mkono. Mwenyekiti akasema, "Kama ni hivyo, mashine isage." Wanawake wakaanza kupanga makarai.

Mimi nikabaki nimeshika chupa. Kuna kitu kilikuwa kinanitekenya puani. Nikainama karibu na bomba, na harufu ya zizi la mbuzi ikanipiga usoni mpaka machozi.  Nikachukua chupa ile nyeupe, nikatia tone la maji ya kipimo, maji ambayo lazima, lazima yageuke waridi hata ukiyatikisa umelala.

Hayakugeuka.

Amonia ilikuwa imezidi mpaka imeua asidi ya dawa. Moshi haukuwa msafi. Kipimo kilikuwa kimekufa, na mbele ya kijiji kizima nilikuwa nimemuuliza maiti, maiti akasema hakuna kitu.

Nikamfuata Mama Joyce pembeni. "Ile mbolea ulipimaje?"

"Si ulivyosema? Vikombe viwili."

"Nionyeshe."

Akachukua kikombe, akachota urea, akajaza, akaongeza, akairundika juu kwa kiganja mpaka ikasimama kilele kama mlima, nyingine inamwagika. Vikombe viwili vyake vilikuwa karibu vinne.

"Mama Joyce! Mbona hukupangusa?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Kupangusa? Mimi nimpimie mtu kwa kupangusa? Kitu kinachookoa vifua vya watoto nikipangusie kama muuza chumvi bahili?"

Na mnajua nini? Nilifungua mdomo nimgombeze, nikaufunga. Watu wanatusema Wapare bahili, kila mahali tunachekwa. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna Mpare anayekupimia kwa kupangusa mbele za watu. Afadhali akunyime kabisa. Kilele ndiyo heshima. Mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa na miaka sita, na unga wa jirani. Nikatazama mkono wangu. Pale karakana kijiko changu cha urea, miezi miwili, kila asubuhi, nilikuwa nakijaza vipi?

Kwa kilele. Niliona kabisa picha yake. Kijiko, kilele, na kidole changu kikiongeza kidogo juu, ili lile sega lisipungukiwe. Daftari lote la maajabu, ripoti iliyopelekwa wizarani, vyote vilikuwa kilele changu mimi. Nilitaka ardhi ipasuke.

Nikamvuta Injinia nyuma ya banda nikamwambia. Akakunjamana uso wote.

"Mama Amani, kwa nini unaniambia leo? Watu wameshafurahi. Tushuke Same, tupime upya kimya kimya, tutarekebisha. Sega linafanya kazi, mimi najua linafanya."

"Unajua kwa kipimo cha nani?"

Akakung'uta vumbi kwenye viatu vyake. Halafu akasema taratibu, "Ripoti ina jina lako, si langu peke yake."

Nilimshuku hapo kuliko siku zote, na sina hakika kama nilimwonea. Alikuwa kijana, alikuwa anaogopa. Mimi pia nilikuwa naogopa. Ningeweza kushuka. Lori lilikuwa limeshawashwa. Wanawake walikuwa wanaimba. Lakini juu kule niliona watoto wa darasa la kwanza wamekaa dirishani wanatuangalia, na mimi nilikuwa na Amani wangu, umri ule ule, anakohoa kwa vumbi tu la Same na nakesha.

Nikarudi kwa Mama Joyce, nikamwambia yote bila kupunguza. Kwamba nilidanganywa na chupa, kwamba kosa lilianza kwa mkono wangu, kwamba moshi ule ni mbaya kama jana na pengine zaidi kwa hiyo amonia. Sikusema kilele chake. Nilisema kilele changu.

 Alitazama makarai yaliyopangwa, akatazama injini, akaenda akaizima kwa mkono wake. Kimya kilichofuata nakisikia mpaka leo. Wanawake wakageuka wote kunitazama mimi.

Tukaanza upya. Tulikaa Mamba wiki baada ya wiki. Mashine haikusaga, na akina mama walishuka tena na mahindi kichwani. Nilikuwa nakutana nao njiani, wasichana wadogo kwangu, wanapita bila shikamoo. Hiyo mtu asikudanganye, inauma. Mmoja aliniambia mgongo wake umerudi ulikotoka, asante yako, mama mpimaji. Mama Joyce alinipa chakula kila siku, makande, aliyaweka mlangoni akaondoka. Maneno hakunipa.

Sasa urea tukapima kwa kupangusa, kwa kisu, na nikamwamsha shahidi kila mara hata dawa ikiisha. Ukweli ukajitokeza, na haukupendeza. Sega lilikuwa linavunja gesi kidogo tu, kwa sababu lilikuwa halipati moto wa kutosha. Tukalisogeza karibu zaidi na injini. Tukalifunika kwa udongo na majivu lisipoteze joto. Tukaongeza kutu tabaka la pili. Injinia alivua viatu vyake vya kung'aa, akawa anashinda peku, mikono mieusi, na niseme kweli, hapo ndipo nilipompenda yule kijana. Alimwandikia mkubwa wake barua kwamba ripoti ya kwanza ifutwe. Alinionyesha kabla ya kuituma. Jina lake aliliweka la kwanza.

Waridi likaanza kupungua kihalali. Kutoka kukolea mpaka hafifu. Kutoka hafifu mpaka hafifu zaidi, na shahidi yuko macho. Zaidi ya nusu ya gesi ilikuwa inavunjika, kwa udongo wa wafinyanzi na mchanga wa Shighatini. Nawaambia nyie mnaosoma vitabu vikubwa: hiyo ilikuwa kazi. Lakini waridi halikuisha.

Mavuno yakafika, na mkutano ukaitishwa. Safari hii sikushika chupa. Nikawaambia msiniamini, njooni mtikise wenyewe. Wakaja mmoja mmoja, mwalimu, wanawake, wazee, wakatikisa, wakaona waridi la bila sega na waridi la sega, la pili jepesi kabisa. Watu wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Mama Joyce alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani, na mara ya kwanza tangu siku ile nikaona ananiangalia kwa matumaini. Hakuwa na ng'ombe tena. Alikuwa na ile injini tu.

Mwenyekiti akasimama. Nikajiandaa kwa hila yake. Akasema mjukuu wake wa darasa la kwanza amelazwa zahanati mara mbili kwa kifua, na ndiyo maana amekuwa akiizunguka mashine ile, anatafuta kujua ni nini kinachomuua mtoto. Nilitaka kujificha chini ya benchi. Muda wote ule nilikuwa namchora kama mwizi.

"Mama Amani," akaniuliza, "wewe ndiye uliyepima. Mimi sijui waridi. Nijibu kitu kimoja. Huyo Amani wako, ungemweka kwenye darasa lile, mashine ikisaga?"

 Ningeweza kusema gesi imepungua zaidi ya nusu, na lingekuwa kweli. Ningeweza kusema sayansi inaendelea. Nikamtazama Mama Joyce, na macho yake yalikuwa yananiomba waziwazi, wala sikuhitaji kushuku.

"Hapana," nikasema. "Nisingemweka. Pale bondeni, chini ya ukungu, bado."

Mtu akaguna. Mama Joyce alifunga macho. Mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini kwamba neno la kijiji linabaki lilivyokuwa. Basi. Nilijua nimemmaliza yule mama.

Ndipo mwalimu mkuu akasema, mbona kule juu mgongoni mwa mlima kuna upepo kutwa na hakuna ukungu, vijana si wapo, injini na sega lake havibebeki? Kukawa na kelele. Wanaume wakainuka, mmoja akasema akalete miti ya kubebea, wanawake wakaanza kucheka, na mimi nikasimama nishike upande mmoja.

"Acheni!" Ilikuwa sauti ya Mama Joyce, ile ya kuita ng'ambo ya bonde. Watu wakaganda. Akaja mpaka mbele yangu, macho yamejaa machozi, na tangu siku ile ya aibu ndiyo mara ya kwanza kunena nami.

"Hakuna atakayeigusa mashine yangu. Huyu apande kwanza, akapime hewa ya kule juu. Na ajue upepo ule unashukia nyumba za nani, wana watoto wangapi. Akisema ndiyo, ibebeni. Akisema hapana, iacheni hapa ioze."

Nilichukua chupa zangu nikapanda mlima. Nililia njia nzima, wala sikuona aibu.